Kwenda Kuhesabiwa na Kurudi Mzima: Mwongozo wa Sikukuu za Mwisho wa Mwaka

Kila Desemba, Watanzania wa makabila mengine huwatania Wachaga kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo una ukweli wake, kwa kuwa kati ya wiki ya tatu ya Desemba na siku ya mwaka mpya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, vya Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hujaa watu ambao kwa miezi kumi na moja walikuwa Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya au ng'ambo, na asiyeonekana huulizwa habari zake mpaka zikamfikia huko huko aliko. Mimi nimehesabiwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Ipo miaka niliyorudi mjini nikiwa na nguvu mpya, na ipo miaka niliyorudi hoi kuliko nilivyokwenda, presha imepanda, mfuko umetoboka, na ndugu yangu mmoja tumenuniana. Nikizipima safari hizo naona kwamba fedha nyingi au chache hazikuwa chanzo cha tofauti. Safari zilizokwenda vizuri ni zile ambazo mambo yalisemwa mapema, mchana na kwa simu. Zilizoharibika ni zile ambazo kila kitu kiliachwa kisemwe huko huko mlimani, usiku, watu wakiwa wamechoka au wameshalewa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata safari yenyewe, kuanzia maandalizi hadi kurudi kazini. Anayekwenda Bukoba, Makete au Musoma atabadilisha majina ya vyakula na vituo, lakini mengi yatamhusu vilevile.

Kazi huanza Novemba

Tuanze na fedha, kwa sababu msongo wa mawazo wa Desemba kwa wengi wetu ni hesabu isiyokubali. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba kabla ya Krismasi, na jambo hilo huonekana kama zawadi. Lakini mshahara ukiingia tarehe 20 Desemba na unaofuata ukaingia tarehe 25 Januari, umepewa siku 36 za kuishi kwa fedha ya mwezi mmoja, na ndani ya siku hizo kuna nauli ya kwenda na ya kurudi, sikukuu mbili, ada, sare, madaftari, na pengine kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Chukua daftari, andika kwanza mambo ya Januari, yatoe kwenye jumla, kisha kinachobaki ndicho ukiite fedha ya sikukuu. Wengi hufanya kinyume chake: husherehekea kwanza na kuiachia Januari makombo, ndipo tarehe 8 wanapoanza kukopa kwenye simu kwa riba inayouma. Ukiweza kulipa ada, au sehemu yake, kabla ya kupanda basi, ilipe, kwa maana fedha iliyokwisha kulipwa haiwezi kugeuka kreti ya bia.

Baada ya hesabu hiyo, piga simu nyumbani. Hii ndiyo hatua tunayoikwepa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Simu yangu ya mwaka jana ilikuwa fupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtakuja lini?"

"Tarehe 19, mama, Mungu akijalia. Mwaka huu nitaleta mchele, mafuta ya kupikia na nusu ya fedha ya mbuzi. Nusu nyingine kaka atasema mwenyewe."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Bora umesema, nilikuwa nimeshamwambia jirani anishikie beberu wawili."

Beberu wa pili aliokolewa hapo. Kama ningenyamaza ningemkuta amefungwa kwenye mgomba, bei imeshapatanwa, na mimi ningelipa kwa tabasamu huku moyo ukinienda mbio. Sema unachokuja nacho, sema tarehe ya kufika, na zaidi ya yote sema tarehe ya kuondoka, ili siku ya kuaga isigeuke siku ya lawama.

Michango nayo ipangiwe kiwango. Wiki ya kati ya Krismasi na mwaka mpya ndiyo wiki ya harusi, ubarikio na kipaimara katika mkoa mzima, na kadi zinaweza kufika kumi kabla hujafungua begi. Tenga kiasi kimoja kwa kadi zote, ukigawe mwenyewe, na kadi ya kumi na moja uijibu kwa salamu za heshima na kuhudhuria kanisani. Hakuna bibi harusi aliyewahi kumfukuza mtu kanisani kwa sababu hakuchanga.

Usimsahau dada wa kazi. Naye ana mama na naye anataka kuhesabiwa. Mpe likizo yake, mshahara na nauli mapema, mkubaliane siku ya kurudi, na upange nani atakaa na watoto iwapo atachelewa. Nyumba nyingi huanza mwaka kwa ugomvi wa wanandoa kwa sababu tu hilo halikupangwa.

Dawa hazina likizo

Mwenye presha, kisukari, pumu, kifafa au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ahesabu vidonge vyake mwanzoni mwa Desemba. Chukua idadi ya siku za safari, ongeza wiki mbili, kwa sababu mabasi huharibika, misiba hutokea, na kliniki nyingi hazifanyi kazi siku za sikukuu. Kliniki yako ikijua kwamba unasafiri inaweza kukupa dawa za muda mrefu zaidi, lakini lazima uwaambie mapema. Beba pia kadi ya kliniki na kadi ya bima.

Dawa zikae kwenye mkoba unaoupakata, kamwe zisiingie buti. Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka mmoja niliweka vidonge vyangu vya presha kwenye begi kubwa, begi likaingia buti, na abiria mmoja akashuka nalo Same akidhani ni lake, maana lilifanana na lake hadi kamba nyekundu ya kwenye mpini. Nilikaa siku tatu bila dawa nikijidanganya kwamba hewa ya mlimani na maji ya mfereji vitanitosha. Siku ya nne niliamka kisogo kinagonga kama ngoma, nikapelekwa zahanati, na kipimo kikasoma 180 kwa 110. Muuguzi aliniuliza kama nimekula chumvi nyingi. Nilikuwa nimekula chumvi nyingi, nimelala saa nne tu kila usiku, na sikuwa na kidonge hata kimoja mwilini.

Anayejichoma insulini ajue kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne, lakini haivumilii jua la dirishani kwenye basi wala joto la buti. Nyumba isiyo na jokofu, chupa zifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji na kuwekwa ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine chenye mchanga uliolowanishwa, mahali penye kivuli na upepo. Zisiguse barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena.

Njiani

Kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Mwanga. Siku mbaya za kusafiri ni tarehe 22 hadi 24, ambapo tiketi hupatikana kwa kubembeleza na kila mtu ana hasira kabla ya kuketi. Ukiweza kuomba likizo ili uondoke tarehe 18 au 19, omba. Ukishindwa, fikiria kuondoka tarehe 26, ukale Krismasi ya pili, ambayo kwa maoni yangu ina utulivu kuliko ya kwanza. Nauli ya juu hupangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kwa hiyo ukidaiwa zaidi ya kiwango dai tiketi yenye kiasi ulicholipa na uripoti, badala ya kugombana na mpiga debe na kuanza safari moyo ukikudunda. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, lakini mimi bado nachagua basi la alfajiri, kwa maana usiku usingizi humjia dereva pia.

Kuna jambo moja dogo linalowaumiza wengi, hasa kina mama: kukataa maji njiani kwa kuogopa kuchimba dawa, yaani kujisaidia vichakani. Mtu anafunga koo tangu Mbezi, anafika Moshi jioni kichwa kinamuuma, mkojo una rangi ya chai, na siku mbili baadaye anatafuta dawa za njia ya mkojo. Kunywa kidogo kidogo, na kila basi linaposimama shuka hata kama huna haja. Kukaa saa tisa miguu ikiwa imekunjwa huweza kuifanya damu igande kwenye mishipa ya miguu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mjamzito, mtu mnene, mzee na aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Ukiwa kwenye kiti, kanyaga visigino na vidole kwa zamu kila baada ya muda. Chakula bora cha njiani ni kile unachokimenya mwenyewe: mayai ya kuchemsha uliyoyafunga nyumbani, ndizi, na machungwa ya Muheza yanayouzwa barabarani. Chipsi kuku za kituoni zilizokaa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi uwaachie wenye matumbo ya chuma.

Anayeendesha gari lake asitoke kazini jioni na kushika usukani usiku huohuo. Lala kwanza, ondoka kukipambazuka, simama kila baada ya saa mbili, punguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa unapoingia kwenye makazi ya watu, na watoto wakae kiti cha nyuma wakiwa wamefungwa mikanda. Kumpakata mtoto kiti cha mbele si upendo.

Nyama, chumvi na sufuria kubwa

Hapa ndipo mwili unapojaribiwa. Asubuhi mtori, mchana pilau na nyama choma, jioni machalari ya ndizi na nyama, na katikati yake soda kwa kila nyumba unayoingia kusalimia. Kukataa chakula cha watu ni kuwavunjia heshima, kwa hiyo ushauri wa kusema "hapana asante" hauna maana yoyote kijijini. Kinachowezekana ni kupakua mwenyewe. Nenda jikoni mapema, chukua sahani, jaza nusu yake mboga za majani, nyama iwe ukubwa wa kiganja, na sahani hiyo ule polepole hadi wengine wamalize, kwa sababu wenyeji hupakulia sahani tupu na huiacha sahani inayoliwa. Ukipewa soda nyumba ya tatu, omba maji kwa kisingizio cha kiu. Hakuna anayemnyima mgeni maji. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, karibu vijiko vinane vya chai, na nyumba tano ni chupa tano.

Chumvi inayopendekezwa kwa mtu mzima kwa siku nzima haizidi gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Nyama choma ya kuchovya kwenye chumvi huimaliza kabla ya jua kutua. Mwenye presha achovye kwenye ndimu na pilipili, atapata ladha ileile.

Kabla ya kuchinja, mwite afisa mifugo amkague mnyama, na gharama yake iingizwe kwenye bei ya mbuzi. Ugonjwa wa kimeta umewahi kutokea Kilimanjaro na Arusha, na vijidudu vyake huwa na mbegu sugu ambazo moto wa kawaida wa jikoni hauwezi kuaminiwa kuziua. Kwa hiyo mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyechinjwa haraka haraka kwa sababu alikuwa anakufa, haliwi, hachunwi, wala hapewi mbwa, hata kama hasara ni kubwa. Wapenzi wa kisusio, supu ya damu, nao nawaomba, nikiwa mmoja wao, wahakikishe damu imechemka na kuiva pamoja na supu, na itokane na mnyama yule yule aliyekaguliwa.

Sufuria kubwa ya pilau ni hatari ambayo watu hawaijui. Wali ukiachwa kwenye sufuria ya kina kirefu usiku kucha hubaki vuguvugu katikati, na bakteria fulani humea humo na kutoa sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Ndiyo maana watu huharisha na kutapika tarehe 26 wakati nyama ilikuwa mpya na safi. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili; kitakachobaki kigawiwe kwenye masinia mapana ili kipoe upesi, kiingie jokofu kama lipo, na kama halipo wagawieni majirani usiku huohuo. Mikono inawe kwa maji yanayotiririka na sabuni, si kwa beseni moja linalozunguka watu kumi na watano.

Akiharisha mtoto, mpe maji ya chumvichumvi ya paketi, iliyokorogwa katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Paketi isipopatikana, koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Damu kwenye choo, macho kudidimia, au mtoto kushindwa kunywa, maana yake ni kwenda hospitali bila kusubiri Boxing Day ipite.

Mbege

Mbege, pombe yetu ya asili, hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na kinachoifanya idanganye ni kwamba nguvu yake hubadilika kadiri inavyokaa. Kata mbili za jana si sawa na kata mbili za leo kutoka pipa lilelile. Mwenyeji anayekunywa kila wiki anajua kwa kuionja. Wewe uliyetoka mjini hujui tena, hata kama unajidai.

Kula kwanza, kisha kunywa, na kati ya kata na kata pawe na maji. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi ajihadhari zaidi, kwa sababu pombe juu ya tumbo tupu huweza kushusha sukari hadi akaanguka, na watu watamwacha alale wakidhani amelewa tu. Mwambie angalau ndugu mmoja akae akijua hilo. Asubuhi ya kichwa kizito, usimeze vidonge vya maumivu kama karanga: parasetamo nyingi juu ya pombe nyingi huumiza ini, na diklofenaki hupandisha presha na kuchubua tumbo. Maji, uji na usingizi hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyoamini.

Kuhusu bodaboda sina maneno mengi. Aliyekunywa asiendeshe na asipakiwe na aliyekunywa. Alale hapo hapo.

Kikao cha kihamba kifanyike saa tatu asubuhi

Ukoo hukutana Desemba kwa sababu ndipo wote wanapokuwepo, na kwa kuwa wote wapo, mambo yote magumu hurundikwa kwenye usiku mmoja: mpaka wa kihamba, matibabu ya mzee, nani anamtunza mama, nyumba ya marehemu babu, na mkopo wa 2019 ambao haujarudi. Mwaka tuliofanya kikao chetu saa mbili usiku, baada ya nyama na pipa la pili, hoja ya kwanza ilikuwa mpaka wa migomba sita. Hatukufika kwenye hoja ya pili. Viti viwili vilivunjika, na baba mdogo aliondoka kwa miguu gizani bila kuaga.

Mwaka uliofuata tulibadilisha mambo matatu tu. Ajenda zilitumwa kwenye kundi la simu wiki mbili kabla, kila mtu, mabinti wakiwemo, akaongeza la kwake. Kikao kilianza saa tatu asubuhi baada ya chai, na pombe haikuletwa mpaka kufungwe kwa sala. Binti wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha tano, aliandika kila tulichokubaliana na kutusomea kabla hatujainuka. Kilichukua saa mbili na nusu. Hatukupendana ghafla, lakini hakuna aliyepiga kelele, na suala la mama lilipata majina na tarehe: nani anatuma kiasi gani, siku ipi, na nani anampeleka kliniki.

Kama mna ugomvi wa zamani, msiupeleke kikaoni ukiwa mbichi. Wazee wetu walikuwa na jani la isale, ambalo aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na aliyepelekewa huona vigumu kulikataa. Ukiona maneno yanakushinda, jani bado linaota pembeni ya kihamba. Lipeleke siku moja kabla.

Jikoni, vyumbani na maswali ya shangazi

Sikukuu ya mtu mmoja mara nyingi ni kazi ya mwingine. Mke wa mtoto wa kiume anayefika ukweni tarehe 20 huweza kuosha vyombo hadi tarehe 2 bila kuuona mlima anaosikia wengine wakiupiga picha. Wanaume wachote maji, wapasue kuni na wasugue masufuria makubwa, kazi ambazo hazihitaji ujuzi wowote; na kama fedha ipo, akodiwe kijana au mama wa jirani kwa siku nne, alipwe vizuri. Kila mtu mzima apate walau saa saba za usingizi. Kutembea kwa miguu kwenda kanisani na kurudi, kwa milima ile, ni mazoezi tosha.

Panga malazi kabla ya giza. Watoto wasilazwe na mtu mzima msiyemfahamu vizuri, hata akiitwa ndugu, na mzazi ajue kila mtoto yuko chumba gani. Usiku wa mlimani ni baridi, lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa madirisha, kwa kuwa gesi yake isiyoonekana wala kunuka huua watu wakiwa usingizini.

Kisha kuna maswali. Wewe ambaye hujaoa, hujaolewa, hujapata mtoto, au huna kazi tangu Juni, andaa jibu moja fupi na ulirudie bila kuliongezea kitu. "Unatuletea lini mkwe?" atauliza shangazi mbele ya watu ishirini. "Mungu akijalia, shangazi. Miguu yako inaendeleaje?" Mzee akiulizwa kuhusu miguu yake ana habari za nusu saa. Swali likirudi mara ya tatu, mfuate faraghani, umwambie kwa adabu kwamba linakuumiza. Wengi wao hawajui.

Kwa waliofiwa mwaka huu nasema polepole. Kwetu makaburi yapo kihambani, hatua chache kutoka mlangoni, kwa hiyo utaliona kabla hujatua mzigo. Usipange kuanza na pilikapilika ili usilione. Nenda kwanza, peke yako au na mmoja unayemwamini, kaa hapo, lia kama kilio kipo, kisha ndipo uingie ndani kusalimia. Mwambie mwenyeji kwamba huenda ukaondoka mezani ghafla na asikufuate. Usingizi na hamu ya kula visiporudi kwa wiki kadhaa, au yakikujia mawazo ya kutokutaka kuishi, zungumza na ndugu siku hiyohiyo na uende hospitali; hilo ni la kutibiwa kama homa inavyotibiwa.

Kwa wanaobaki mjini, wauguzi wa zamu, walinzi na wasio na nauli, shauri langu ni moja: tafuta meza moja ya kula pamoja na watu tarehe 25, hata kama ni ya jirani Mwislamu aliyekualika, na piga simu nyumbani kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu jioni hawatasikia kwa kelele.

Kurudi

Fika mjini siku mbili kabla ya kazi. Siku ya kwanza ni ya kufua na kulala, ya pili ni ya soko na kuvalisha watoto sare uone kama bado zinawatosha. Nyama ya kubeba kutoka nyumbani iwe imekaushwa au imegandishwa vizuri, la sivyo iache. Mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, apimwe malaria mapema, asidhaniwe kwamba ni mafua ya mlimani yamemfuata. Mwenye presha au sukari apime wiki ya pili ya Januari, wakati mwili umeshatulia.

Mimi hutoa daftari lile la Novemba tukishapita Same, basi likiwa limetulia na watu wamesinzia, nikaandika kilichotumika mbele ya kilichopangwa, na chini yake mambo ya kubadilisha. Safari hii niliandika matatu: soda kreti moja badala ya mbili, masinia mapana mawili yanunuliwe Moshi mjini kabla ya kupanda, na baba mdogo apigiwe simu Oktoba.